Kadi Themanini na Nane

Mwadini alikuwa amefika kwenye beringi ya nne kati ya saba. Alipaka wino wa bluu kwenye kranki, ule mtaimbo mzito unaozungushwa na pistoni, akaulaza polepole juu ya vikombe vya beringi, akauzungusha robo mzunguko, kisha akaunyanyua tena kwa winchi. Akainama na tochi. Pale wino ulipogusa ndipo palipozidi. Akachukua kikwangulio, akakwangua doa moja la ukubwa wa punje ya mtama, akapuliza mara mbili, akapangusa, akaanza tena. Beringi moja ilimchukua siku mbili. Hakuwa na haraka. Injini ilikuwa na miaka themanini na zaidi, na yeye sitini na moja.

Karakana ilikuwa kwenye eneo la viwanda vidogo, dakika kumi kwa basi kutoka stesheni ya Harrow, London, baina ya duka la vigae na ghala la vyakula vya Kihindi. Ilikuwa ya makumbusho madogo yanayokusanya mashine za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Injini iliyokuwa juu ya stendi ilikuwa ya ndege, ya silinda kumi na mbili, na ilikuwa haijawaka tangu vita vilipokwisha.

Saa nne kasoro robo wanaume wanne waliingiza sanduku la mbao lenye ukubwa wa boksi la viatu. Walilibeba kila mmoja kwenye pembe yake, wakalitua sakafuni, na mmoja wao akakaa kitako kupumzika. Ndani mlikuwa na kadi za karatasi.

"Karatasi za zamani nzito," alisema yule aliyekaa. Wakachukua sahihi, wakaenda zao.

Hafidh, meneja wa karakana, alikuja na kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

Hafidh alikuwa mtoto wa marehemu Asad, ambaye Mwadini alikaa naye chumba kimoja mwaka 2001, siku za mwanzo alipofika kutoka Pemba. Hafidh alizaliwa London. Mwadini ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli, kwenye kiwanja cha nyuma ya maktaba, na miaka sita iliyopita, makumbusho yalipotafuta meneja, Mwadini ndiye aliyepeleka jina lake. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, na kilipomwishia alimalizia kwa Kiingereza.

Alimweleza Mwadini habari za sanduku. Kabla ya vita, injini za aina hii ziliundwa na mafundi wachache, kila kipande kikipigwa tupa mpaka kikubaliane na jirani yake. Kifuniko cha injini moja hakikuingia kwenye nyingine. Vita vilipofika mwaka wa pili zilitakiwa injini mia kwa wiki. Kiwanda kikaajiri wasusi, wauza kofia na makondakta wa basi, wengi wao wanawake ambao hawakuwahi kushika spana. Michoro ikachorwa upya, vipimo vikabanwa, kila kazi ikakatwa vipande vidogo vidogo. Na fundi mmoja mzee, Edwin Tull, akaombwa aandike anachokijua, kazi moja kwa kadi moja. Aliandika kadi mia mbili na kumi na mbili. Baada ya hapo injini zilitoka kama mikate, na hii iliyo juu ya stendi ilikuwa mmoja wa mikate hiyo.

Mwadini alinyanyua kadi ya kumi na saba, ya kupanga pete za pistoni. Ilikuwa nzito kama nyundo ndogo. Papo hapo vidole vyake vikajua pete ya kwanza inaelekea wapi. Pia alipata hamu kubwa ya kiko, ingawa hakuwahi kuvuta tumbaku maishani. Akairudisha kadi, hamu ikaondoka.

"Kadi za Tull ni za kuunda injini mpya," alisema Hafidh. "Hakuna kadi ya kufufua iliyochakaa. Hiyo unayo wewe tu, ami. Nataka uiandike."

"Yote?"

"Yote. Upumzike kidogo, uwafundishe wengine. Na siku ya kuiwasha, mwezi wa kumi na moja, kidole kitakachobonyeza ni chako. Jina lako tutaligonga kwenye kibati, palepale ubavuni."

Mwadini alikuwa ameingoja siku hiyo miaka kumi na tisa. Ufundi aliuanza kwa kuchungulia, kwenye mtambo wa umeme wa Wete, na baadaye kwa vitabu vya maktaba ya Harrow, akisoma ukurasa mmoja mara tatu kabla ya kuufungua wa pili. Hakuwa na cheti hata kimoja. Jina kwenye kibati aliliona linatosha.

"Na huyu bwana Tull," aliuliza, "baadaye ilikuwaje?"

Hafidh alitazama chai yake. "Alistaafu," alisema.

*

Karakana ina mizani ya kupimia pistoni, kwa sababu pistoni zote kumi na mbili lazima zilingane uzito mpaka gramu. Mwadini aliipima kadi tupu: gramu sita. Kadi ya kwanza, Kukwangua Beringi, alipoweka nukta ya mwisho ilikuwa gramu mia tatu na arobaini. Akaiandika namba hiyo kwenye daftari lake. Jioni, nyumbani, alipanda mizani ya mkewe iliyoko bafuni. Alikuwa amepungua kiasi hichohicho, au karibu na hapo. Mizani ya bafuni si ya kutegemewa.

Asubuhi alirudi kwenye beringi ya tano. Kikwangulio kilikuwa kipande cha chuma tu. Alikigeuza huku na huku kama mtu aliyepewa kalamu ya lugha nyingine. Alipoitia kadi kwenye mfuko wa shati, mkono ukakumbuka, na mfuko ukachanika. Mkewe, Sheikha, alimshonea mwingine wa turubai.

Alimweleza Hafidh.

"Lakini si unayo kadi, ami?"

"Ninayo."

"Basi hujapoteza kitu. Kimehamia mfukoni."

Mwadini alilipima jambo hilo, akaona kwa wakati ule ni kweli.

Hafidh aliagiza rafu ya chuma kwa sababu ile ya mbao ilianza kupinda. Mtu wa bima alikuja, akatazama, akabandika tangazo ukutani: kadi zinyanyuliwe kwa mikono miwili, magoti yakunjwe, mgongo uwe wima.

Kadi ya kumi na mbili, ya kuseti vali, Mwadini aliikosea. Mwishoni aliandika kipimo kimoja kinyume, akaichana vipande viwili, akaitupa kwenye pipa la karatasi. Alhamisi dereva wa lori la taka aligonga mlango. Alisema tangu alipolimwaga lile pipa anasikia vali za lori lake zimelegea, na kwamba ameziseti mwenyewe kando ya barabara, zote isipokuwa ya mwisho. Alitaka kujua kama namba ilikuwa kumi na mbili au ishirini na moja, maana karatasi ilichanika hapo.

"Kumi na mbili," alisema Mwadini.

"Ahsante," alisema dereva, akaenda kumalizia.

Mwadini aliiandika kadi ile upya. Ilitoka gramu thelathini tu. Kilichobaki kilikuwa kimekwenda na lori, na hakikurudi. Akaandika kwenye daftari: Usichane.

*

Bridget alikuwa Mkenya, muuguzi, anakaa Thamesmead, upande wa pili kabisa wa jiji. Siku zake za mapumziko, Jumatano na Alhamisi, alipanda mabasi mawili na treni mbili kuja kujitolea karakana. Alipoulizwa kwa nini, alisema anapenda kitu ambacho ukishakikaza kinabaki kimekazwa.

"Mzee Mwadini, hii kitu ni nzito aje? Ni kadi ama ni tofali?"

"Mikono miwili, mwanangu. Soma tangazo."

"Woi! Sisi tulifunzwa kuinua wagonjwa. Karatasi hatukufunzwa."

Aliitia kadi ya kwanza kwenye mfuko wa aproni, akashika kikwangulio, akasimama mbele ya beringi ya sita.

"Bismillahi," alisema Bridget, akakwangua doa moja, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akapuliza mara mbili.

Kisha akasita. "Ngoja. Nimesema nini?"

"Umesema bismillahi."

"Na mimi ni Msabato." Alifikiri kidogo. "Haina shida. Hebu angalia hapa, mzee. Imetoka?"

Mwadini aliinama na tochi. Yeye kufika pale ilimchukua miaka. Bridget alifika kabla ya chai.

"Imetoka," alisema, na ilikuwa kweli.

Bridget alirukaruka, akapiga makofi, wino wa bluu ukamruka mpaka shavuni. "Nitawaambia wodini! Nitawaambia mimi sasa ni injinia, wanipigie saluti." Mwadini alicheka naye. Alijipima moyoni, kama anavyopima kila kitu, akakuta wivu haumo. Mlikuwa na kitu kingine, ambacho hakukijua jina.

Kazi ikaenda kasi. Waliokuja kujitolea wakawa wanane, kila mmoja na kadi yake mfukoni, kila mmoja akiinamisha kichwa kushoto na kupuliza mara mbili. Mtu angeingia ghafla angedhani ni darasa la sala. Mwadini alikaa kwenye meza ya dirishani, akiandika. Kadi ya thelathini na moja ilikuwa ya kukaza nati za kichwa cha silinda kilichopinda kwa uzee. Aliandika: Anza na ya katikati. Kisha ya juu, kisha ya chini, usikaze upande mmoja mara mbili, mpaka ufike kwenye kingo. Chuma kizee ukikianza ukingoni kinapasuka.

Kwenye kadi ya hamsini na nane, kifungo cha shati lake hakikuliona tundu.

Alikuwa amesimama mbele ya kioo chumbani. Sheikha alikuwa anajitayarisha kwenda Stanmore, kwa Bi Nazneen, bibi wa miaka tisini aliyezaliwa Kampala, ambaye yeye ndiye humwogesha na kumvisha kila siku. Alikuja, akaanza kumfunga vifungo kutoka chini kwenda juu, kama anavyomfunga Bi Nazneen.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Kidole kinachoijua nati ndicho hichohicho kinachokijua kifungo."

"Zimebaki kadi ngapi?"

"Thalathini."

"Hafidh anajua?"

"Nimemwambia khasa."

"Sikukuuliza kama umemwambia. Nimekuuliza kama anajua."

"Mtoto yule nimempakata mimi, Bi Sheikha."

"Na mimi nimempakata. Alikuwa mzito vilevile." Alifika kwenye kifungo cha juu. "Hizo kadi, ukiondoka pale, utakuja nazo nyumbani?"

"Ni za karakana."

Sheikha akakifunga kile cha juu, akampangusa mabega, ambayo yalikuwa yamebaki mifupa, akatoka kuwahi basi.

*

Mwisho wa mwezi wa kumi zilikuwa zimefika themanini na saba. Tatu za mwisho alizisema tu, Bridget akaziandika, kwa kuwa kalamu nayo haikutaka tena kukaa vidoleni. Uzito ulitoka kwake vilevile. Bridget hakupungua hata gramu, na alilalamika juu ya hilo.

Hafidh aliwataka walipange sanduku la Tull lipelekwe kwenye maonyesho. Mwadini alizihesabu kadi: mia mbili na kumi na mbili. Kwenye orodha iliyobandikwa ndani ya kifuniko paliandikwa vitu mia mbili na kumi na tatu. Alihesabu mara ya pili, na mara ya tatu kuanzia nyuma. Hakufikiria ubaya. Alidhani karani amekihesabu na kifuniko. Lakini kitu kisicholingana hakikumwacha akae, akaenda ofisini, akaomba rejista, ile ambayo makumbusho huandika kila kitu kinachoingia.

Namba 213. Barua, nusu ukurasa. Imeondolewa kwenye sanduku na kuwekwa kwenye faili la meneja. Tarehe nne Februari. Sahihi ya Hafidh.

Sanduku lilifika karakana mwezi wa tatu.

Faili lilikuwa kabatini, na kabati halikuwa na kufuli. Barua ilikuwa nyepesi, karatasi ya kawaida. Mwadini aliisoma mara tatu, kama alivyozoea.

Kwa Meneja, ilisema. Kadi mia mbili na kumi na mbili zimekamilika leo. Nimeambiwa nisije kesho, kwa kuwa kazi sasa inaweza kufanywa na yeyote. Nina ombi moja. Mke wangu amefariki, na ninahitaji mtu wa kunifunga vifungo asubuhi. E. Tull, fundi.

Chini, kwa mwandiko mwingine, mtu alikuwa ameandika: Hatuna nafasi ya kazi ya namna hiyo.

Hafidh aliingia akiwa na simu sikioni, akaona barua, akaikata simu.

"Hii ulikuwa nayo tangu Februari," alisema Mwadini.

"Niliiweka kando isije ikakukera, ami."

"Ingenikera."

"Ndiyo."

"Basi ilikuwa na kazi yake."

Hafidh alikaa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na wakati ule alionekana kama siku aliyovunja taa ya baiskeli.

"Siku ile ulivyoniambia alistaafu," alisema Mwadini, "ulikuwa ushaisoma?"

"Nilikuwa nimeisoma. Lakini alistaafu kweli, ami. Sikusema uongo."

"Haya."

Nje, wanane walikuwa wanaendelea na kazi. Kila mara palisikika pumzi mbili fupi.

"Kuna jambo jingine," alisema Hafidh. "Nilitaka nikwambie ukimaliza." Alifungua droo, akatoa bahasha yenye jina la Mwadini, na kwa kuwa aliona mikono ya Mwadini imekaa vipi juu ya meza, akaifungua mwenyewe na kumsomea. Kazi ya Mwadini ingekwisha Ijumaa. Bima ilitaka kila anayeigusa injini awe na cheti, au afuate kadi iliyothibitishwa. Alimaliza kwa Kiingereza, kisha akairudia sehemu moja kwa Kiswahili, polepole, kwa heshima. "Kadi zako zimethibitishwa, ami. Zote. Zitakwenda karakana nyengine sita. Ni wewe ambaye hujathibitishwa."

"Na kubonyeza?"

"Atabonyeza mgeni rasmi."

"Na kibati?"

Kibati kilikuwa tayari, juu ya dirisha. Hafidh hakukificha. Kilisema: Imefufuliwa kwa Kadi 1 hadi 88.

"Themanini na nane haijaandikwa," alisema Mwadini.

"Najua. Ndiyo nakuuliza. Utaimaliza?"

Mwadini alisema atamjibu, akainuka. Alipotoka, upepo wa mlango ulimsogeza hatua moja upande. Mizani ilikuwa imemwonyesha kilo arobaini na saba.

*

Hakumjibu siku ile. Alikaa kwenye meza ya dirishani saa nzima.

Kadi ya themanini na nane ilikuwa ya kuisikiliza injini siku ya kwanza. Yeye hutumia mpini wa fagio, uleule aliotoka nao Wete: ncha moja kwenye ubavu wa injini, nyingine sikioni. Injini iliyofufuliwa ina dakika tatu hivi ambazo inaamua. Beringi ikibana, inaanza kuimba, sauti nyembamba chini ya kelele zote, na asiyeisikia akachelewa kuizima, mkono wa pistoni hukatika na kutoka ubavuni kama risasi. Atakayesimama pale ubavuni, kwa mujibu wa karatasi iliyobandikwa ukutani, alikuwa Bridget.

Alhamisi Bridget alipofika alimkuta na kadi tupu mbele yake.

"Mzee, wanakufuta kazi kesho. Nimeona kwa ubao. Jina lako wamelitoa tayari."

"Najua."

"Na bado unataka niandike?"

"Wewe ndiye utakayesimama pale."

"Mimi nitakataa! Wasimamishe huyo Hafidh wao na suti yake."

"Ukikataa wewe, watamsimamisha mwengine ambaye hata kupuliza hajui."

Bridget alitazama rafu ya chuma. "Basi tuzichukue. Hizi zote. Leo wakienda lunch."

"Ni kilo ishirini na saba, mwanangu."

"Nimebeba wazee wa kilo mia."

"Nikishafika nazo nyumbani nizitumie kwenye injini gani? Ya kufulia?" Alitabasamu kidogo. "Na zimeandikwa ni za kwao. Mimi sijapata kutoka mahali na kitu cha watu."

"Lakini ni zako!"

"Ni zangu. Zimeandikwa ni za kwao."

Bridget alivuta kiti, akakaa, akafungua kalamu kwa meno kwa hasira. "Sema."

Mwadini alifumba macho.

"Andika: Chukua fimbo kavu, ya mti mgumu, isiyo na ufa."

Bridget akaandika.

"Usiisikilize injini nzima. Chagua beringi moja, uiulize hiyo tu, kisha uende kwa jirani yake."

Kwenye ghala la vyakula vya Kihindi, ng'ambo ya ukuta, kulikuwa na friji kubwa ambalo kwa miaka kumi na tisa lilikuwa likimwambia Mwadini kwamba kompresa yake ina kiu ya mafuta. Alikuwa amekwenda mara kadhaa kuwaambia, nao walimshukuru na kumpa kachori. Mstari wa pili ulipokwisha, friji likawa linavuma tu.

"Beringi nzima husema kama mtu anayekoroma mbali. Inayobana husema kama mtu anayetaka kupiga chafya."

"Chafya," aliandika Bridget. "Hiyo naijua. Iko na dalili."

"Ukiisikia, usingoje ya pili."

Karakana nzima ilikuwa imepungua masikioni mwake. Magari ya barabarani yalipita, yote sawa. Basi lililokuwa na gia mbovu, ambalo kila siku lilipita saa kumi na nusu, lilipita, na alilijua kwa saa tu.

"Endelea, mzee."

"Imebaki nusu. Kuna namna ya kuizima, na kuna namna ya kusikiliza ikishazimika. Hiyo ndiyo ngumu." Alifungua macho. "Kesho."

"Kesho ndiyo ya mwisho."

"Basi kesho."

Hafidh alipita karibu yao, koti mkononi, akaziangalia kadi kwenye rafu, kisha akamwangalia Mwadini. "Kwaheri, ami," alisema. Mwadini alimwitikia kama siku zote, kwa kuwa salamu ilikuwa ya siku zote. Mlango ukafunguka, ukafungwa.

Bridget alileta koti la Mwadini kutoka kwenye msumari. Lilikuwa lake la zamani, sasa lingeweza kumchukua yeye na mwingine. Alimvisha mkono mmoja, kisha wa pili, kwa ile kasi ya watu wa wodini ambayo si haraka. Kisha akaanza vifungo. Alianza na cha katikati. Akaja cha juu yake, akaja cha chini yake, hakurudia upande mmoja mara mbili, mpaka akafika kwenye kingo, kama kadi ya thelathini na moja inavyoelekeza. Hakuwa na kadi hiyo mfukoni.

Mwadini aliviangalia vifungo, kimoja kimoja. Vilikuwa vimekaa sawa.

"Umekaza vizuri," alisema.

"Nje kuna upepo, mzee." Alifungua sanduku la vifaa lenye jina la Mwadini, akatoa spana tatu. Mbili akamtia mfukoni, moja kila upande. Kadi ya themanini na nane ilikuwa mezani, ina mistari minne, nyepesi bado kiasi cha kutaka kuinuka kila mlango ulipotikisika. Juu yake akaiweka spana ya tatu, ikae hapo mpaka kesho.